Kisu cha Kukunja cha Kila Siku: Jua Unachouza Kabla Hujaagiza Mzigo

Somo la leo ni la bidhaa moja tu: kisu cha kukunja, kile ambacho mtu anakitia mfukoni asubuhi na kukisahau mpaka pale anapokihitaji. Naona wengi mnaanza kukiingiza kwenye mizigo yenu, na ninaelewa kwa nini. Ni kidogo, hakiozi, hakina saizi za kusumbua kama viatu, na faida yake si mbaya. Yote kweli. Ila kisu kina jambo moja ambalo kava ya simu haina: ukimuuzia mtu kibovu, anaumia.

Mimi nauza vifaa vya mkononi hapa Moshi, bisibisi, tochi, koleo na mengine ya aina hiyo, na oda zangu nyingi zinaingia kwa simu. Wateja wa visu ni mafundi umeme, wakulima, waongoza watalii, wapagazi wa mlimani, na wauzaji wa mtandaoni kama wewe unayefungua maboksi kutwa nzima. Swali linaloingia inboksi huwa ni lile lile: "Dada, una kisu cha kukunja kizuri?"

Swali hilo silijibu kwa picha. Nampigia mteja na kumuuliza, "Cha kukatia nini, ndugu yangu?"

Wengi wanakaa kimya kwanza. Hawajawahi kujiuliza. Wanachotaka ni kile walichokiona kwenye video, cheusi, kinafunguka kwa kidole gumba, tap! Basi mwambie ahesabu alichokata wiki iliyopita. Nilipokuwa natafuta cha kwangu nilifanya hivyo hivyo, nikawa naandika nyuma ya daftari la mauzo kila nilipohitaji makali. Solotepu ya maboksi iliongoza, tena kwa mbali. Zikafuata kamba za manila, midomo ya viroba, maparachichi, maembe, nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo, na siku moja bomba la maji la plastiki. Hakuna siku niliyohitaji bapa la sentimita 12. Hakuna siku niliyohitaji meno ya msumeno. Kila kitu kwenye orodha ile kingekatwa na bapa la sentimita 7 au 8, jembamba, lenye ncha nzuri.

Hilo neno jembamba lishike, maana hapo ndipo wateja wengi wanapotea. Watu wananunua unene wakidhani wananunua ubora. Bapa la milimita 4 ni gumu kuvunjika, sawa, lakini likiingia kwenye embe linalipasua badala ya kulikata, na kwenye boksi nene linakwama katikati. Kukata ni kazi ya wembamba. Anayetaka kubanjua misumari na kufungua makopo muuzie bisibisi na kifungua kopo, utampatia faida na wewe utapata faida mbili.

VISU VITATU VYA KUJIFUNZIA

Nimejifunza zaidi kutoka kwa visu vitatu vya zamani kuliko kwa video zote nilizotazama. Si lazima uviuze. Ila ukivielewa, utaweza kukipima kingine chochote utakachokuta kwenye katoni.

Cha kwanza ni Opinel cha Ufaransa. Joseph Opinel alikianza mwaka 1890 kwao Savoie, kwenye milima ya Alps, kikiwa kisu cha watu wa shamba. Mpaka leo kina umbo lile lile: mpini wa mti wa mviringo, bapa moja, basi. Saizi zake zinaitwa kwa namba, na namba 8 ndiyo inayojulikana kuliko zote, bapa la sentimita 8.5 na unene usiofika milimita 2. Mwaka 1955 wakaongeza pete ya chuma shingoni. Ukishafungua kisu unaizungusha ile pete, na bapa haliwezi kukurudia vidoleni. Pete tu! Hakuna springi, hakuna kitu cha kuchoka. Kwa kukata chakula na maboksi, kwangu mimi hakuna kisu cha bei yake kinachokifikia. Ubaya wake mweleze mteja wazi: kinahitaji mikono miwili kufungua, mti ukilowa unavimba na bapa linagoma kutoka, na kile cha chuma cha kaboni kinashika kutu usipokifuta. Mpagazi anayepigwa mvua siku nzima hakimfai. Mama wa duka la matunda atakipenda.

Cha pili kila mtu anakijua kwa rangi yake nyekundu. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kuliuzia visu jeshi la nchi yake, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa chenye vifaa vingi kwenye mpini mmoja. Ndiyo Victorinox hii ya leo. Chuma chake si kigumu sana, kampuni yenyewe inataja 55 mpaka 56 kwenye kipimo cha Rockwell, na hiyo ni hesabu ya makusudi: kinawahi kupoteza makali kuliko vyuma vigumu, lakini kinoo cha kawaida kinayarudisha dakika chache tu. Kitu kikubwa cha kukumbuka ni kwamba kile cha kawaida cha mfukoni hakina loki. Springi ya mgongoni inalishika bapa lisicheze, lakini ukilisukuma kwa nguvu upande wa mgongo linajifunga. Kwa hiyo ni kisu cha kukatia, si cha kuchokolea.

Nyekundu za bandia zimejaa. Mimi naangalia mkasi kwanza. Mkasi wa kile halisi unakata uzi mmoja wa nguo bila kuutafuna. Wa bandia unaukunja katikati. Kisha naangalia shina la bapa kubwa, jina liko wapi na limechorwa vipi, halafu nakiinua kwenye mwanga nione kama kuna nafasi kati ya vipande. Kama unaona mchana upande wa pili, rudisha.

Cha tatu kina historia na sisi wenyewe. Okapi ilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika mwaka mmoja tu kabla, 1901. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ukahamia Afrika Kusini. Ni kisu cha bei ya mtu wa kawaida, chuma cha kaboni, mpini wa mti, na kile maarufu kina pete ya kuvuta mgongoni na mlio wa krr-krr kinapofunguka. Wakulima wamekitumia miaka na miaka. Lakini Afrika Kusini na Jamaika kimepata pia jina la kisu cha wahuni, na hilo wewe muuzaji linakuhusu. Kisu kile kile, ukikipiga picha kando ya embe lililomenywa ni kifaa cha kazi. Ukikipiga picha kwenye ngumi iliyokazwa umeuza kitu kingine kabisa, na utavuta wateja wa kitu hicho kingine. Mimi siwataki.

LOKI NDIYO UHAI WA KISU

Hapa naomba usiruke mstari.

Fundi mmoja wa umeme alikuja dukani mkono wa kulia umefungwa bendeji. Alikuwa juu ya ngazi anachuna waya kwa kisu alichonunua kwa muuzaji mwingine, cheusi, kizuri machoni. Akakigandamiza kidogo, loki ikaachia, bapa likarudi kwenye kidole cha shahada. Akashonwa nyuzi nne na kukaa wiki mbili bila kazi, na kwa fundi wiki mbili bila kazi ni kodi ya nyumba. Hakuja kulalamika, alikuja kununua kingine. Aliniletea kile kisu nikione. Loki ilikuwa ya kibati cha ndani, ile inayosogea pembeni kwenda kuzuia shina la bapa, na kibati chenyewe kilikuwa chembamba kama kipande cha kopo. Kilikuwa kinagusa shina kwa ukingo tu.

Loki ya aina hiyo ndiyo utakayoikuta zaidi kwenye mizigo ya bei nafuu, kwa hiyo jifunze kuisoma. Fungua kisu, kitazame kwa ndani. Kibati kinapaswa kuwa kimeingia nyuma ya shina la bapa na kulifunika kama theluthi moja ya upana wake. Kikigusa ukingo tu, kitateleza. Kikiwa kimevuka mpaka upande wa pili, kimeshaisha, na kisu hata hakijaanza kazi.

Halafu kipime kwa nguvu, lakini kwa akili. Shika mpini kwa viganja kutoka pande zote mbili, vidole vyote viwe nje ya njia ambayo bapa lingepita kama lingejifunga. Weka mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza ya mbao, sukuma taratibu, ongeza nguvu kidogo kidogo. Kisu kizuri hakisemi kitu. Kibovu utasikia kinateleza kabla hakijaachia. Fanya hivyo kwa kila kisu, si kimoja kwa katoni, maana kwenye katoni moja utakuta vizuri na vibovu vimelala pamoja.

Shika pia ncha ya bapa likiwa wazi, litikise kushoto na kulia. Likicheza, kaza skrubu pale linapozungukia. Likiendelea kucheza baada ya kukazwa, ondoa kwenye mauzo. Likiwa limefungwa, litazame kutoka juu: linakaa katikati ya mpini, au linakwaruza upande mmoja? Na la mwisho, mambo ya mfukoni. Tia kisu mfukoni, kaa, inama, panda bodaboda. Kama kinafunguka chenyewe hata nusu sentimita, hicho kwangu si bidhaa.

Loki ya mgongoni, ile ya kubonyeza nyuma ya mpini, naiamini zaidi. Buck 110 ya Marekani ndiyo iliyoipa umaarufu tangu mwaka 1964. Ila kile kisu kina gramu kama 200, kilikusudiwa wawindaji na kinabebwa kwenye ala kiunoni. Ukikitia kwenye suruali ya kitambaa utatembea umeinama upande mmoja.

MAANDISHI KWENYE BAPA

Neno "stainless" peke yake halikuambii kitu. "440" peke yake karibu nalo halikuambii kitu, kwa sababu kuna 440A, B na C, na C ndiyo yenye kaboni nyingi na inayokaa na makali zaidi. Muuzaji wa jumla asipoitaja herufi, chukulia si C. Chuma cha 420 ni laini, hakishiki kutu haraka, kinafaa kwa bei yake. 8Cr13MoV ni cha China na ni kizuri kwa kazi za kila siku, usikidharau kwa sababu ya kwao. D2 kinakaa na makali muda mrefu kweli, ila hakihesabiwi kuwa stenlesi kamili. Ukimuuzia mteja wa Tanga au Unguja, hewa ile ya chumvi, mwambie akifute na kukipaka tone la mafuta. Na mwambie kukinoa kutamchosha mkono.

Mapambo ya mawimbi kwenye bapa yanayoitwa "Damascus": pakua visu kumi kutoka kwenye katoni, vipange. Mawimbi yakifanana mstari kwa mstari kwenye vyote kumi, hayo yamechorwa juu tu. Kiuze kama kisu chenye mchoro.

Lakini mtu anaweza kuandika chochote kwenye chuma, kwa hiyo mimi naamini boksi kuliko maandishi. Kila mzigo mpya natoa kisu kimoja cha sampuli, nakinoa mpaka kikate karatasi ya daftari bila kuichana, halafu naanza kukata boksi kuukuu vipande vyembamba, nahesabu. Kila vipande ishirini narudi kwenye karatasi. Siku kikianza kuichana, naandika idadi. Boksi liwe la aina ile ile kila mara, la sivyo hesabu haina maana. Ni saa moja ya kazi, na baada ya hapo ukimwambia mteja kisu hiki kinakaa na makali kuliko kile, unajua unachosema.

HESABU YA MTAJI

Tuseme, kwa mfano tu, kisu cha bei poa unakinunua sh 6,000 na kukiuza 12,000. Kumi vinakupa faida ya 60,000, na mtaji umezaa mara mbili. Tamu, si ndiyo? Sasa vitatu virudi. Unarudisha 36,000, na gharama ya kutuma kwenda na kurudi tuseme 5,000 kila kimoja, hiyo ni 15,000. Umebaki na 9,000 na visu vitatu vibovu. Kizuri unakinunua 22,000 na kukiuza 32,000. Kumi vinakupa 100,000 bila simu za usiku. Mtaji wake ni mkubwa, 220,000, sikatai. Basi nunua vinne.

Na usimwage mtaji wako wote hapa, kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaijui mpaka tangazo linapokataliwa. Sera za matangazo za Meta, yaani Facebook na Instagram, zinaweka visu visivyo vya jikoni kwenye fungu moja na silaha. Tangazo la kulipia halipiti, na ukirudia rudia akaunti yako ya matangazo inaweza kufungiwa, pamoja na matangazo ya bidhaa zako nyingine zote. Kuna wanaoandika "k1su" wakidhani mashine haioni. Mimi sihatarishi ukurasa uliojengwa kwa miaka kwa ajili ya bidhaa moja. Natangaza tochi na bisibisi. Mteja akishanijua, ananiuliza mwenyewe. Soma sera ya kila jukwaa unalotumia kabla hujalipia mzigo.

Sheria za kubeba nazo ni za kila nchi. Kuna mteja alitaka zawadi ya kaka yake anayeishi London. Uingereza, kisu cha mfukoni kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila kuulizwa sababu ni cha kukunja, kisicho na loki, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel namba 8 hapo inaanguka mara mbili, kwa loki na kwa urefu. Kile chekundu cha Uswisi cha kawaida kinapita. Unaona? Loki ile ile ninayokusisitizia kwa fundi wa Moshi ndiyo ingemletea kaka yake matatizo. Na anayesafiri kwa ndege, kisu kiende kwenye begi la kukabidhi, kisiwe kwenye begi la mkononi. Mwambie kabla, kisije kikabaki kwenye ndoo ya ukaguzi. Mtoto wa shule akija, simuuzii, hata akisema ametumwa na baba. Baba apige simu.

MANENO YA KUMWAMBIA MTEJA

Kuwa mfupi na sema ubaya pia. Haya ndiyo ninayomwandikia mtu wa Opinel: "Bapa sm 8.5, jembamba, linakata sana matunda, kamba na maboksi. Loki ya pete, zungusha mpaka ikaze. Kufungua mikono miwili. Usiloweke kwenye maji. Usichokolee wala kubanjulia. Makali yakipungua, kinoo ninacho." Hilo la kinoo halipo kwa bahati. Asilimia kubwa ya malalamiko ya "kisu chako hakikati" ni kisu ambacho hakijanolewa tangu siku kilipotoka kwangu. Kwa hiyo nawaonyesha kunoa bure wanaofika dukani, na wengi wanaondoka na kinoo.

Wakati wa kutuma kwa basi, kisu kiwe kimefungwa na loki imekazwa kama inakaza hata kikiwa kimefungwa. Zungushia karatasi nene, kisha mpira wa pesa, kisha kitie kwenye boksi gumu dogo, kisiwe kwenye bahasha laini. Wapakiaji wa mizigo wana vidole kama wewe. Mtu wa ofisi ya basi akiuliza kuna nini, sema kisu cha kukunja cha kazi, usiseme "vifaa tu". Na solotepu usiizungushe moja kwa moja kwenye mpini wa mti. Gundi inabaki, na kitu cha kwanza mteja atakachofanya ni kuikwangua kwa kisu hicho hicho.